Vyombo vya Wote: Kisa cha Saraka Niliyoifuta Elburgon

Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga. Mimi niliambiwa, tena kwa maandishi, ila nikaielewa maana kombo. Na kwa sababu ya neno moja la Kiingereza nilimwacha mzee mmoja amesimama katika duka la tarakilishi mjini Elburgon, asubuhi ya Alhamisi, bila wasifu wa mkewe aliyekuwa azikwe Jumamosi. Nakisimulia kisa hiki katika kurasa za wanafunzi wa Kiswahili, wala si za wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, kwa kuwa naamini kwamba kosa langu lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la mashine.

Elburgon ni mji ulio ukingoni mwa msitu wa Mau, katika kaunti ya Nakuru, baina ya Njoro na Molo, na reli iendayo Kisumu hupita papo hapo. Ni mji wa baridi, viazi na mbao. Nyumba nyingi za mtaani kwetu ni za mabanzi, yale makombo ya gogo yabakiayo baada ya msumeno kutwaa sehemu yake njema. Kabla ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, marufuku iliyokuja kuondolewa mwaka 2023, mlio wa misumeno ulitangulia jua, na unga wa mbao uliingia hadi ndani ya kikombe cha chai. Uliingia pia ndani ya tarakilishi. Mwaka 2016, baada ya kumaliza kidato cha nne, niliajiriwa katika duka lililokuwa na tarakilishi sita, printa moja na mashine kuukuu ya kurudufu, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuondoa unga huo kwa brashi ya kupakia rangi. Zilizosalia zilikuwa kazi ambazo msomaji yeyote wa Kenya anazifahamu: fomu za mkopo wa HELB, nambari za siri za KRA zilizosahaulika, barua za kuomba kazi, na programu za mazishi. Hizi za mwisho ndizo zilizolipa kodi ya duka.

Jumatano moja jioni niliona kwamba ule mstari mdogo unaoonyesha nafasi iliyobaki katika diski ya C ulikuwa umegeuka mwekundu. C ndiyo diski ya kuwashia, yaani ile ambayo tarakilishi huisoma inapoamka ili ijue kwamba yenyewe ni tarakilishi. (Herufi A na B ziliachiwa visahani laini vya zamani, ambavyo mimi sikuwahi kuvitumia.) Kwa kuwa duka letu halikuwa na diski nyingine, kila kitu kilijazwa humo: mfumo endeshi, programu, filamu za vijana na nyaraka za wateja. Mwenye duka alikuwa amekwenda nyumbani. Nikaamua kufanya usafi.

Nilianza na filamu, nikaogopa, kwa maana zilikuwa na wenyewe ambao nawajua kwa sura na kwa ngumi. Nikaingia katika saraka ya programu, na humo nikaikuta nyingine iitwayo “Common Files”. Nikaitafsiri papo hapo kichwani: faili za kawaida. Sasa tazama, msomaji mpendwa, jinsi tafsiri moja inavyoweza kumvuta mtu kwa pua. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kitu cha kawaida ni kitu kisicho na uzito. Shati la kawaida ni lile lisilovaliwa kanisani. Siku ya kawaida haina sikukuu. Basi faili za kawaida zingekuwa nini ila makapi? Ndani yake nikakuta saraka nyingine, “microsoft shared”, na hapo nikapotoka mara ya pili. Vijana wa Elburgon wakati huo walikuwa na kitenzi chao, kusheya, chenye maana ya kutumiana nyimbo na video kwa simu. Nikaamini kwamba hivyo ni vitu ambavyo kampuni ile ilitutumia, nasi hatukuviomba.

Tarakilishi iliniuliza kama nina hakika, ikataka idhini ya msimamizi. Nikaitoa. Sote pale dukani tulikuwa wasimamizi, kwani mashine zote zilifunguliwa kwa akaunti moja isiyo na nywila, na mtoto wa darasa la nne aliyekuja kucheza mchezo wa magari alikuwa na mamlaka sawa na mwenye duka. Nilifuta moja kwa moja, bila kupitia pipa la taka. Faili chache zilikataa kufutika kwa kuwa zilikuwa zikitumika, nikaziruka. Kisha, kwa ari ya ujana, nikarudia kazi hiyo katika mashine zote sita, nikafunga duka na kwenda kulala nikiwa nimeridhika.

Mzee alifika saa mbili unusu asubuhi. Alikuwa ameleta karatasi za mkono siku mbili kabla, nami nikazichapa: kuzaliwa kwa marehemu, shule aliyosoma hadi darasa la tatu, ndoa, watoto wanane, kazi yake ya kuuza mboga karibu na stesheni. Alitaka nakala mia mbili. Nilibofya Word, ikakataa kufunguka. Nikahamia mashine ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Excel ilikataa, PowerPoint ikakataa.

“Imepotea?” mzee aliuliza.

“Haijapotea, mzee. Iko hapa, naiona jina lake. Lakini haifunguki.”

“Sasa, kijana wangu, kuwa hapo kwake kunanisaidia nini?”

Sikuwa na jibu. Tuliiweka faili ile katika flashi, nikamlipia nauli ya matatu hadi Molo, na wasifu ukachapishwa huko alasiri, ukiwa na kosa moja la tahajia ambalo nilikuwa nimekusudia kulirekebisha asubuhi ile. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba programu ndogo ya WordPad, iliyokuja na Windows 7 na ambayo sikuigusa, ingeweza kuifungua faili ile palepale dukani, hata kama mpangilio wa picha ungevurugika. Hilo huniuma hadi leo kuliko pesa nilizokatwa.

Fundi alikuja kutoka Nakuru. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba katika ile saraka niliyoifuta mlikuwa na faili iitwayo mso.dll, na kwamba Word, Excel na PowerPoint zote hulisha humo. Waliozitunga programu hizo hawakutaka kila moja ibebe nakala yake ya kazi ambazo zote huzihitaji, kama vile kuchora vibonyezo na menyu. Waliziandika kazi hizo mara moja, wakaziweka mahali ambapo kila programu inajua pa kuzitafuta. Faida yake ni kwamba nafasi huokolewa, na kosa likirekebishwa mahali pamoja, hurekebishwa kwa wote. Hasara yake nilikuwa nimeidhihirisha mwenyewe.

“Hizi si za kawaida,” alisema huku akiingiza kisahani cha kusakinishia. “Hizi ni za pamoja.”

Nilipomsimulia mama jioni, alielewa upesi kuliko mimi. Nyumbani kwetu, katika stoo ya mabanzi nyuma ya jikoni, zilikuwa zikilala sufuria kumi na nne kubwa, masinia na mahema mawili. Havikuwa vyetu. Vilikuwa vyombo vya chama cha akina mama wa mtaa, na mama alikuwa mtunzaji. Vilikaa miezi miwili bila kuguswa, na mgeni ambaye hakuujua mtaa angedhani ni shehena ya bure inayotubana. Lakini kukitokea msiba au harusi, watu walikuja na daftari likafunguliwa: nani kachukua nini, lini, na nani karudisha. Sisi watoto tulikatazwa hata kuchotea maji kwa sufuria hizo, ingawa zilikuwa chini ya paa letu. Mtu akihama mtaa alifutwa jina daftarini, na vyombo vikabaki maadamu wengine walikuwa bado wanavihitaji.

Sikujua wakati huo kwamba Windows nayo ina daftari la namna hiyo. Katika rejista yake mna orodha inayohesabu ni programu ngapi zinazotegemea faili fulani ya pamoja. Programu ikiondolewa kwa utaratibu, hesabu hushuka kwa moja, na ikifika sifuri ndipo mfumo huweza kusema kwamba chombo hiki sasa hakina anayekihitaji. Anayefuta kwa mkono, kama nilivyofanya, huliruka daftari. Kitabu husema kwamba watu watatu wanakitegemea chombo ambacho hakipo tena.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba vitu vya pamoja ni heri tupu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na historia ya Windows ya miaka ya 1990 ni ushahidi. Programu mpya iliposakinishwa iliweza kuleta toleo lake la faili ya pamoja, likakalia lile lililokuwapo katika saraka ya mfumo. Basi programu nyingine, iliyozoea toleo la kwanza, ikazimika bila kosa lake. Watumiaji waliteseka sana kwa jambo hilo. Windows XP ya mwaka 2001 ilianza kuruhusu matoleo mbalimbali ya faili ileile kukaa bega kwa bega, kila programu ikapewa lile inalolitambua. Mama aliposikia haya alicheka. Chama chao kiliwahi kugawanyika kwa sababu ya mtu aliyerudisha sufuria ndogo mahali pa kubwa.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki ambao ni wa aibu zaidi. Windows, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, ina saraka nyingine katika diski ya kuwashia iitwayo “Public”, iliyo kando ya saraka za watumiaji. Chochote kiwekwacho humo huweza kusomwa na kila mwenye akaunti katika mashine ile. Duka letu, kwa kuwa na akaunti moja tu, liligeuza diski nzima kuwa saraka ya namna hiyo. Mteja alichapa barua yake, akaihifadhi, akalipa, akaenda zake akiamini kwamba ameiacha salama. Aliyeketi baada yake aliikuta. Nakala za vitambulisho zilikuwamo, na hati za mashamba, na malalamiko ya mke kwa mchungaji wake. Nakiri kwamba nilisoma barua ambazo sikupaswa kuzisoma. Kwa hiyo pale Elburgon tulikuwa tumepindua mambo: yaliyo wazi kwa kila mtu tuliyadhani ya faragha, na yaliyokuwa na wenyewe wengi tuliyadhani hayana mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaomba wanaisimu wenzangu wanivumilie. Mimi ni mtu wa fasihi, na istilahi si uwanja wangu. Lakini tumeshindana kwa miaka mingi juu ya jina la mashine yenyewe, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi (mimi naandika tarakilishi kwa mazoea ya shule, na Watanzania watanisamehe), ilhali vyumba vya ndani vya mashine hiyo tumevipitia harakaharaka. Kijana wa Elburgon hahitaji sana kujua kama chombo alichokaa mbele yake kinaitwa ngamizi. Anahitaji jina la saraka ambalo litamzuia asiifute. Na Kiswahili kina akiba ya kutosha. Tuna -a kawaida, -a pamoja, -a shirika, -a umma, -a hadhara, -a wote, na kila moja ina mpaka wake. Kitu cha hadhara huonwa na kila mpita njia. Kitu cha shirika kina wenyewe wanaohesabika, nao wanadaiana. Ni kweli kwamba neno shirika limevaa suti siku hizi, na mtu akilisikia hufikiria kampuni au reli. Hata hivyo ningependa kuliona likirudishiwa maana yake ya kale. Saraka niliyoifuta ilikuwa ya shirika. Ile ya barua za watu ilikuwa ya hadhara. Kiingereza kilinipa maneno ambayo sikuweza kuyatofautisha, nami nikayajaza maana za mtaani.

Isitoshe, si kwamba hakuna aliyejaribu. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Katika miaka yangu yote ya dukani sikuona hata tarakilishi moja iliyotumia chochote kati ya hivyo, wala hakuna mteja aliyeuliza. Kinachochekesha kidogo ni kwamba kifurushi cha Windows hubeba alama ya sw-KE, Kiswahili cha Kenya, ilhali kamusi ya kukagulia tahajia inayotumiwa na LibreOffice hubeba alama ya sw_TZ. Lugha moja imeandikishwa katika vituo viwili vya mpakani.

Nilikuja kukutana na kamusi hiyo kwa njia ya msiba mwingine, mdogo. Mwaka jana, nikiwa katikati ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu riwaya za Euphrase Kezilahabi, kipakatalishi changu kiliibwa katika matatu. Tasnifu ilikuwa katika baruapepe, hivyo haikupotea. Kilichopotea ni kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kamwe. Wengi wetu twaandika Kiswahili katika mashine zisizowekewa kikaguzi cha Kiswahili, na kila neno letu hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Kwa miaka mitano nilikuwa nikibofya, neno baada ya neno, ili kuiambia Word kwamba hili ni neno halali. Maneno hayo yote yalikuwa yakihifadhiwa katika faili moja iliyofichwa ndani ya saraka yangu ya binafsi, ambamo hakuna mtumiaji mwingine angeweza kunufaika nayo, nami sikujua ilipo hadi ilipokuwa haipo. Ninadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma ukurasa huu ana faili kama hiyo. Ninadhani pia kwamba maneno yetu kwa sehemu kubwa ni yaleyale.

Kipakatalishi nilichoazimwa na rafiki kilikuwa na mfumo wa Linux. Mfumo huo hauna diski ya C. Kila kitu huanzia katika mzizi mmoja ulioandikwa kwa mkwaju tu, na vitu vya pamoja hukaa katika saraka iitwayo /usr/share. Jina hilo lina historia yake. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiunda mfumo wa Unix huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, saraka ya “usr” ilikuwa makazi ya watumiaji. Diski ya kwanza ilipojaa, programu za mfumo zikahamishiwa humo, na baada ya muda watumiaji wakajengewa makazi kwingine. Wenye nyumba walihama, wageni wakabaki na jina.

Humo ndimo nilimoikuta sw_TZ. Ni faili ya maandishi matupu. Mstari wa kwanza ni hesabu ya maneno, kisha maneno yenyewe, neno moja kila mstari. Niliteremka nayo usiku mzima kama mtu apitaye mtaa aliowahi kuishi. Nilitafuta maneno yangu. Baadhi nikayakuta, baadhi sikuyakuta. Nikajaribu kuliongeza moja, na mfumo ukanikatalia: mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kusoma tu. Rafiki yangu alinipa nywila ya msimamizi. Nilikuwa nimeshaiandika nusu nilipokumbuka yule fundi wa Nakuru. Kuongeza neno humo kungenifaa mimi peke yangu, tena hadi sasisho lijalo litakapoifunika faili nzima. Anayetaka neno lake liwe la wote hana budi kulipeleka kwa wanaoitunza kamusi hiyo, wakalipima, wakalitia katika toleo litakalofikia mashine za watu wengine. Nikaifuta ile nywila nusu. Tangu hapo nimekuwa nikiorodhesha maneno upya, na wenzangu wawili wa darasani wamenipa faili zao za siri, baada ya kuwaonyesha zilipo. Hadi ninapoandika haya tumefikisha maneno 312 ambayo hayamo katika sw_TZ. Karibu robo yake tunabishania.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani. Stoo ilikuwa wazi na karibu tupu, kwani kulikuwa na msiba ng'ambo ya reli na akina mama walikuwa wameondoka na vyombo alfajiri. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa, kalamu katikati. Nilihesabu sufuria zilizobaki, nikahesabu zilizoandikwa, nikaona moja imepungua. Nikamuuliza mama. Akafikiri, akasema ndiyo, alikuja mtu wa mwisho kukiwa bado giza, akasahau kumwandika. Akanitajia jina, nami nikaliandika.